Mtoto Arudipo Kutoka Vitani: Maneno Juu ya Sinema "Rebelle"

Sinema nyingi hutupitishia saa tu. Hii iitwayo "Rebelle" yatupa maswali ya kurudi nayo nyumbani. Aliitunga Kim Nguyen, mtu wa Kanada, ikapigwa Kinshasa, ikatolewa mwaka 2012. Sisi wa Kasongo na Kabambare tuna haki ya kuipima, maana mambo yake si mageni kwetu. Huko Salamabila, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya, watoto walionekana kati ya Mai-Mai Malaika.

Hadithi ni hii. Komona, msichana wa miaka 12, atekwa na waasi, nao wamlazimisha kuwaua wazazi wake. Akinywa utomvu wa mti fulani aona mizimu, nayo yamwonya. Basi mkubwa wa waasi amfanya mchawi wake wa vita. Yote hayo amsimulia mtoto aliye tumboni mwake.

Kwanza tusifu. Mchezaji wake ni Rachel Mwanza, aliyeishi mitaani Kinshasa baada ya kusingiziwa uchawi. Februari 2012, huko Berlin, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike. Alistahili: halii ili tumlilie. Tena sinema yatufundisha neno kubwa: mtoto huyu ametenda mabaya na ametendewa mabaya, yote mawili pamoja. Anayemsaidia hana budi kuyashika yote mawili. Akimwita muuaji tu, amekosa. Akimwambia "Hukufanya kitu", mtoto ajua ni uongo, wala hatamwamini tena.

Lakini tuna lawama. Komona hapati utulivu mpaka arudi kijijini kuwazika wazazi wake. Hapo wazee wetu wangekubali: maiti asipozikwa, hata aliye hai hana amani. Walakini afanya hayo peke yake, yeye na kichanga chake. Kisha apanda lori, na sinema yakwisha. Kabla ya hapo mchinja nyama mmoja alimpokea kwa wema, akampa mahali pa kulala, asijue la kufanya na ndoto zake mbaya. Mlezi aliyejifunza kazi hiyo hayuko hata mmoja. Kumbe kazi yenyewe yaanzia pale lori linapoondoka!

Ni kazi gani? Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yasema mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18; yakataza kumwingiza jeshini, yakataza kumsingizia uchawi. Kanuni za Paris za mwaka 2007 zataka atafutiwe jamaa yake, wala asifungwe kwa sababu tu alikuwa na waasi. Hayo ni maandishi. Mlezi ndiye ayafanyaye kuwa matendo: awatembelea jamaa mara mbili, mara tatu, kabla mtoto hajarudi, asikiliza bila kulazimisha, atunza siri, haahidi asichoweza kutoa, akiona shida yamzidi, amfikisha kwa daktari. Na mtoto akiisha kurudi kwao, mlezi haachi kupita.

Na sisi je? Mara nyingi twampa kijana msumeno au cherehani, twampiga picha, twasema amepona. Au twamsimamisha mbele ya watu asimulie aliyotenda. Hapo hatumsaidii, twamfanya sinema yetu.

Watu wazima waitazame "Rebelle", watoto wadogo wasiitazame. Kisha tuulizane: mtoto kama huyo akishuka lorini Kabambare jioni hii, nani atampokea? Na mwezi ujao, nani atapita kumwona? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na aliyelelewa na vita, hakika ataka kulelewa mara ya pili.