Jitu na Mpangaji: Hadithi Mbili Zinazosomana

Makala haya yana kusudi moja, nalo ni kuonyesha kwamba mwandishi hatukuzwi kwa kumwagiwa sifa, bali kwa kusomwa hadi pale hadithi yake inapoanza kuihitaji hadithi ya mwenziwe. Mfano wetu ni hadithi mbili zilizomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016): ile ya Said Ahmed Mohamed iliyoupa mkusanyiko jina lake, na "Ndoto ya Mashaka" ya Ali Abdulla Ali. Mahali pa kuzipimia ni Mukuru kwa Njenga, mtaa wa Nairobi ulio katika eneo la Embakasi Kusini.

Mtaa huu haukuchaguliwa kwa bahati. Mnamo Novemba 2021 nyumba za maelfu ya wakazi wake zilibomolewa ili kupisha ujenzi wa barabara. Wakati huo mkusanyiko tuutajao ulikuwa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya, na watahiniwa wa mwaka ule walifanya mtihani wao Machi 2022. Mtahiniwa wa Mukuru, basi, aliombwa afafanue dhuluma ya ardhi katika hadithi ilhali ameishuhudia mlangoni pake. Swali linalotukabili sisi wahakiki ni hili: je, hadithi ilimwambia neno lolote ambalo buldoza lilikuwa halijamwambia?

Kwa maoni yetu, ilimwambia. Katika hadithi ya Said, jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago huko Madongoporomoka, linakimaliza chakula chote, kisha linaahidi kurudi. Mwandishi huyu, ambaye katika Utengano (1980) alitusawiria jamii kwa mkabala wa kihalisia, hapa ameazima zimwi la ngano za bibi zetu. Faida ya uazimaji huo ni kubwa. Jitu halina jina, halina ofisi, wala halina barua ya kuonyesha. Msomaji anafahamu kwamba ulafi unaosimuliwa si tabia ya tajiri mmoja ambaye akiondoka mambo yatatengenea. Ni mfumo, na mfumo hula kila siku. Buldoza huonekana siku moja tu; hadithi inatuonyesha njaa iliyolituma.

Hata hivyo, zimwi la ngano hudai kijiji chenye umoja, na hapo ndipo Mukuru inapoihoji hadithi. Umiliki wa ardhi ya mtaa huu umebishaniwa kwa miaka mingi. Wakazi walio wengi ni wapangaji wa vyumba vya mabati, vingi vikiwa na ukubwa wa futi 10 kwa 10, ambao hulipa kodi kwa wenye vyumba. Siku ya kubomolewa, mwenye chumba hupoteza pato lake. Mpangaji hupoteza makao ambayo hata jana hayakuwa yake. Hao wawili si kitu kimoja, ingawa uhakiki wetu wa kitabaka umezoea kuwatia wote katika kapu moja la "wanyonge". Mbele ya jitu, tofauti hiyo haionekani.

Anayeiona ni Ali Abdulla Ali. Mashaka wake ni mlinzi wa usiku anayeishi na Waridi na watoto wao katika umaskini wa kupindukia, hadi siku mke anapoondoka na watoto. Katika mkasa huo hakuna buldoza lililopita. Nyumba imebomoka kutoka ndani, polepole, kwa mshahara usiotosha na kwa aibu ya baba asiyeweza kulisha. Mwandishi ametuingiza mle ambamo istiari ya jitu isingeweza kuingia kwa sababu ya ukubwa wake.

Lakini Mashaka naye ana upungufu: yu peke yake, na jibu lake ni ndoto. Anakosa kile alicho nacho Mzee Mago, yaani watu wa kukaa nao kitako na kushauriana. Kwa hiyo Said anahitaji chumba cha Ali, na Ali anahitaji baraza la Said. Hakuna anayemshinda mwenziwe. Kila mmoja anatuzidishia fikira juu ya yale ambayo mwingine ameyaacha.

Ufundishaji wetu umezitenganisha hadithi hizi. Mtihani huuliza juu ya hadithi moja, mwalimu akaandika orodha ya maudhui, na mwanafunzi akaikariri. Sasa mkusanyiko huo umekwisha kuondolewa katika orodha ya vitabu teule, na yumkini utaachwa rafuni. Hilo lingekuwa hasara, kwa maana suala la nani ana haki ya kukaa Mukuru halikuondolewa pamoja nao. Huenda huu ndio wakati mwafaka wa kuzisoma upya hadithi hizi, kwa pamoja, maadamu hakuna tena alama za kutafuta.