Milimita 5 haziwezi kutibu goti

Wandugu, nimemaliza kusoma memwari tatu za wenzetu wa medisini juu ya goti, na zote zinaimba wimbo mmoja: vipimo vya IRM, ile mashini ambayo jirani zetu wa Kigoma wanaiita MRI. Nina neno nazo.

Kazi yenyewe ina akili, tuiheshimu. Mtu akikatika ligamenti ya msalaba ya mbele, ile LCA, tibia inateleza kwenda mbele. Basi kwenye picha unachora mstari wima nyuma ya kondili ya nje ya paja, mwingine nyuma ya tibia, unapima nafasi iliyo katikati. Ikifika milimita 5 unashuku, ikipita 7 unashuku sana. Lakini hii vitabu vinaiita dalili ya pembeni, ya kusaidia pale ligamenti yenyewe haionekani vizuri. Memwari zetu zimeigeuza kuwa mlango wa kuingilia! Moja ina tablo inayosema eti chini ya 5 ni goti zima. Hapana. Mgonjwa amelala, goti halibebi uzito, na mguu ukigeuka kidogo tu mu mashini, milimita zinabadilika. LCA inaweza kuwa imekatika na kipimo kikasema 3.

Na mikono iko wapi? Kipimo cha Lachman, ambacho Torg na wenzake walikiandika 1976, hakiombi hata umeme: goti linakunjwa digri 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja, mwingine unavuta tibia mbele, unasikiliza kama kuna mwisho mgumu. Kwa LCA iliyokatika kabisa, mikono yenye uzoefu haiachwi mbali na IRM. Goti likiwa limevimba na mgonjwa anajikaza, subiri siku kumi hivi, rudia.

Hata radio ya kawaida inasema kitu. Paul Segond alieleza kipande kidogo cha mfupa kinachong'oka upande wa nje wa tibia mwaka 1879, miaka 16 kabla ya Röntgen kugundua miale ya X. Ukikiona kipande hicho, LCA mara nyingi sana imekatika. Katika zile memwari tatu, hakuna iliyokitafuta.

Siandiki hivi juu ya mapenzi ya vitabu vya zamani. Hapa Kalemie mimi sijaona IRM. Kijana anaumia kwenye mpira, anaandikiwa karatasi ya IRM, familia inauza nyavu, anasafiri hadi Lubumbashi ao anavuka ziwa, anarudi na namba. Matibabu anayopata ni yale yale: kuimarisha misuli ya paja, mazoezi ambayo yangeanza wiki ya kwanza. Wakati wa safari paja limekonda, na pesa ya kine imekwisha.

IRM ina mahali pake. Goti likifunga, likakataa kunyooka, meniski inaweza kuwa imejikunja ndani. Hapo picha inafaa. Operesheni ikiwa inapangwa kweli, inafaa pia. Kwa wengine, nangoja memwari ambayo wachunguzi wawili watapima magoti yale yale kwa mikono, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake, kisha wawafuate wagonjwa miezi sita. Nani mu promosheni ya mwaka huu anaichukua?