Heda Feki Imeiharibia Impreza Kazi Nzuri

Subaru Impreza ile ya turbo mliyoiona ikipita Kahama na Geita ina injini nzuri na imepita kwenye mikono ya fundi hodari. Radieta kubwa, breki mpya, shokamzoba za kuhimili changarawe: kazi safi. Lakini kufungua heda ya kiwanda, yale mabomba yanayokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye turbo, na kufunga ile ya mabomba marembo, isiyo na jina la mtengenezaji, kisa ni ya bei nafuu, ulikuwa uamuzi mbaya. Hapa sizungumzii ladha ya mtu. Ni kosa la ufundi, na gari zima linalilipia.

Tuanze na kilichotolewa. Heda ya kiwanda ya Impreza WRX zile za injini ya EJ20 ni nzito, sehemu zake kubwa ni chuma cha kusubu, na imevikwa ngao za joto. Mabomba yake hayalingani urefu. Moshi wa upande mmoja husafiri mbali zaidi kabla ya kuifikia turbo, na ndiyo maana Subaru hunguruma vile tunavyoijua. Wanaoiponda wanasema inabana. Kwenye injini isiyo na turbo ningewasikiliza, maana huko urefu wa bomba ndio unaoamua jinsi pigo la silinda moja linavyosaidia kuvuta moshi wa nyingine. Kwenye turbo, kizuizi kikubwa ni turbo yenyewe na kinachoifuata. Nguvu ya kwanza kupatikana iko kwenye daunipaipu, bomba linaloutoa moshi kwenye turbo, na gari hili bado lina daunipaipu ya kiwanda. Wamepanua njia ya kuingilia na kuacha ya kutokea ilivyokuwa.

Sasa tutazame kilichofungwa. Moshi kabla ya turbo hufika nyuzijoto 800 na kupita. Chuma cha pua aina ya 304 hutanuka karibu mara moja na nusu kuliko chuma cha kusubu: bomba la sentimita 60 likipanda nyuzi 700 hurefuka takriban milimita 7. Milimita hizo lazima zipate pa kwenda. Heda iliyofikiriwa vizuri huwa na kiungo kinachoteleza, au kipande chenye mikunjo kinachozimeza. Hii haina. Imeunganishwa ngumu kutoka upande mmoja wa injini hadi mwingine, kwa hiyo kila inapopata moto husukuma flanji na maungio ya kuchomelea. Flanji nyembamba hupinda, gasketi huachia, na asubuhi injini ikiwa baridi unasikia tiki-tiki pembeni mwa silinda. Mmiliki huambiwa ni valvu. Si valvu.

Moshi unaovuja kabla ya turbo ni nguvu iliyotupwa kabla haijafanya kazi. Turbo inachelewa kushika, dereva anakanyaga zaidi, joto linapanda. Mguu ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu, kati ya pigo na pigo, tundu lile lile huvuta hewa ndani; sensa ya oksijeni ikiona hewa hiyo huiambia kompyuta kwamba mchanganyiko una mafuta pungufu, na petroli inaongezwa bila sababu. Ndipo tunasikia kwamba Subaru inakula mafuta!

Halafu wakaizungushia bandeji ya joto. Nimeipinga bandeji hiyo miaka yote na sitaacha. Heda ya Subaru hukaa chini ya injini, mahali mawe na matope yanapofika kwanza. Msimu wa mvua, kwenye njia za kuelekea machimboni Nyarugusu, bandeji hunywa maji ya tope na kuyakumbatisha kwenye bomba. Kutu hula ndani bila kuonekana. Ngao za kiwanda zilizotupwa zilikuwa zinazuia joto na mawe pia, bila kuhifadhi tope.

Wazee wetu wa Safari Rally walilijua hili: kitu kwanza kidumu. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 ya mtumba. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari lililotengenezwa kubebea familia. Waliuliza kwanza kitu kitafika au hakitafika. Sisi tunauliza kitalia vipi, na mlio haujawahi kuongeza hata farasi mmoja.

Mwenye bajeti ndogo ana njia. Heda ya kiwanda ya mtumba, kutoka kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au zinazoletwa kanda ya ziwa, ni bora kuliko mpya ya feki. Laza flanji juu ya kioo; ikicheza, iache. Kagua nyufa kuzunguka matundu. Funga gasketi mpya za chuma na stadi mpya, rudisha ngao. Ukiambiwa bomba ni 304, weka sumaku sehemu iliyonyooka, mbali na maungio. Ikishika kwa nguvu, umedanganywa. Pesa inayobaki iende kwenye daunipaipu, kisha kompyuta ipangwe upya ili ilingane nayo.

Kwa Impreza hii, heda ya zamani kama bado iko kwenye kona ya gereji irudishwe kabla mvua hazijaanza. Fundi aliyefunga breki zile anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Mwenye gari ampe ruhusa.