Kabla ya Kushika Spana

Kazi nyingi za gereji zinaonekana kwa macho. Injini ikishushwa, watu husimama kutazama. Bodi ikinyooshwa na kupigwa rangi, mwenye gari hupiga picha. Kutafuta chanzo cha mtetemo hakuna watazamaji. Fundi anaweza kumaliza nusu siku akiuliza, akiendesha na kulala chini ya gari, kisha akabadilisha kifaa kinachoenea kiganjani. Hata hivyo, katika ufundi wote wa magari, huu ndio ninaouheshimu zaidi, kwa sababu unamdai mtu akili na uaminifu kwa wakati mmoja.

Chukua Land Rover 109 ya Series III, iliyoundwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Magari ya ukoo huu yamebeba maofisa wa misitu, mapadri, waganga na askari wa wanyamapori katika kila pembe ya Afrika Mashariki, na Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha lao. Sasa gari hilo likifika kilomita 80 kwa saa linaanza kutetemeka. Majibu hayakosekani: ni tairi, ni krosi, ni maunti ya injini. Kila jibu linawezekana, na kila jibu lina bei yake dukani. Fundi hodari hachagui hata moja. Anauliza: tatizo linaanza spidi gani? Ukikanyaga mafuta linazidi au linapungua? Unalisikia mikononi, kwenye kiti, au miguuni?

Maswali hayo yana hesabu ndani yake. Kwa spidi hiyo, tairi la 7.50-16 huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Difu ya Land Rover hizi ina uwiano wa 4.7 kwa 1, kwa hiyo propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, huzunguka zaidi ya mara 40 katika sekunde ileile. Tairi lisilo na balansi hutikisa usukani kiasi cha kuonekana. Propela iliyopinda au kupoteza balansi huja kama mvumo: sakafu inawasha nyayo, kioo cha ndani kinaonyesha picha mbili. Mwili wa dereva ukisikilizwa vizuri hutenganisha hayo mawili kabla nati haijaguswa.

Kisha barabara yenyewe inahojiwa. Palipo wazi na nyooka, fundi hufikisha gari kwenye spidi ya ugonjwa, akatoa gia na kuliacha liserereke injini ikiwa bado inawaka. Mtetemo ukifa palepale, anaishuku injini, klachi, au kifaa kinacholalamika kikibebeshwa nguvu. Ukiendelea vilevile, lawama inahamia kwa vinavyozungushwa na magurudumu: tairi, ngoma za breki, difu, propela. Kwa jaribio la sekunde chache, nusu ya washukiwa wameachiwa huru.

Chini ya gari, krosi, kiungo cha ncha ya propela, ndiyo inayonivutia zaidi. Kifaa hiki kinatokana na fikra za zamani sana. Robert Hooke wa Uingereza alikichunguza katika karne ya 17. Kina tabia moja ya ajabu: kikifanya kazi kimepinda, upande mmoja ukizunguka kwa mwendo sawa, wa pili huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo maana propela ya nyuma ya gari hili ina krosi mbili. Zikipangwa kwa mstari mmoja na pembe zake zikilingana, kosa la ya kwanza hufutwa na ya pili. Lakini katikati ya propela kuna sehemu yenye meno inayoteleza. Mtu akiichomoa kupaka grisi, akairudisha imeruka jino, makosa hayafutani tena. Vifaa vyote ni vipya, vimekazwa vizuri, na gari linatetemeka. Hapo ndipo jicho la fundi linapopita fedha: anatazama nira zinazobeba krosi za ncha mbili kama ziko sambamba, na siku nyingine anachora alama ya rangi kabla ya kuchomoa chochote.

Krosi yenyewe husomwa hivi. Vumbi jekundu la kutu pembeni mwa kikombe linasema visindano vya ndani vimekauka grisi. Ukiishika propela kwa mikono miwili na kuisukuma juu na chini, mchezo mdogo kabisa ni ushahidi. Tope lililogandia upande mmoja nalo linatosha kuvuruga balansi, kwa maana nguvu ya uzito uliozidi hukua mara nne spidi ikiongezeka mara mbili.

Ikibaki shaka, gari hili linampa fundi zawadi: anaweza kuitoa propela ya nyuma, akaingiza gia ya magurudumu manne na kuendesha kwa yale ya mbele peke yake. Ila akumbuke kuweka kabari kwenye matairi kwanza, maana breki ya mkono ya Series inashika ngoma iliyo nyuma ya transifa. Propela ikitoka, magurudumu ya nyuma hayashikwi na kitu. Na sheria moja inatawala yote: badilisha kitu kimoja, kisha rudi barabarani. Anayebadilisha vitatu kwa mpigo huenda akaponya gari, lakini hatajua aliponya nini, na mteja atakuwa amelipia viwili bure.

Hapa ndipo uaminifu unapoingia. Katika gereji zetu fundi hulipwa kwa kifaa alichofunga. Saa za kufikiri hazina bei, kwa hiyo tunamzoesha kubahatisha, halafu tunamlaumu kwa kubahatisha. Anayekataa kuuza krosi ambayo haijathibitika kuharibika anajinyima kipato chake mwenyewe ili ukweli upatikane. Mtu wa namna hiyo alipwe kwa kutafuta, hata siku ambayo dawa imekuwa ni kukwangua tope na kurudisha propela kwenye alama yake.