Subaru au Every? Kijiwe cha Bonga kimepima kitu kimoja tu

Binamu yangu anataka kuuza Subaru Impreza WRX STI yake ya mwishoni mwa miaka ya 1990 anunue Suzuki Every, abebe mbaazi na mahindi kutoka Bonga hadi Babati mjini. Kijiweni wanamcheka: anaacha gari anakwenda kwenye boksi! Hoja yao ni moja tu, nguvu. Ebu tuipime.

Kwanza tuipe Subaru haki yake. Injini ya lita 2 yenye turbo ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 280, kwenye gari la kilo kama 1,250. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 nchini Kenya akiwa na Impreza, kwa hiyo sifa yake kwenye vumbi si ya kupewa bure. Halafu kuna mwinuko. Babati ipo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku iko chini kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga. Turbo huishindilia hewa hiyo ndani ya injini. Injini ya kawaida huvuta iliyopo tu.

Every, toleo lililoanza 2015, imebanwa na sheria ya Japani ya magari madogo: injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu usizidi mita 3.4. Isiyo na turbo ina farasi 49, na kwa hewa ya Bonga zinabaki kama 42.

Zinatosha? Piga hesabu. Ikiwa na dereva na mzigo wake halali wa kilo 350, ina kilo kama 1,300. Kupanda mlima wa asilimia 6 kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo kwenye makazi, kunahitaji takriban farasi 20. Basi. Lami ya Dodoma–Babati ilishazinduliwa 2018, kwa hiyo safari hii haihitaji gari la mashindano. Na kwenye Subaru, gunia la tatu utaliweka wapi?

Kwa hiyo binamu yuko sahihi, ila hapa ndipo nampinga na yeye. Anasema atapakia kilo 800, "mbona inavuta". Kweli itavuta: hesabu ileile inatoa farasi 26 hivi. Injini haitamkataza, na hapo ndipo hatari ilipo. Mzigo uliopanda lazima ushuke. Kila mita 100 za kwenda chini, gari la kilo 1,300 linaachia nishati ya kuchemsha kama lita 4 za maji. Likiwa na kilo 800 za mzigo, zinakuwa lita 5 na nusu. Ukishuka kwa gia kubwa, sehemu kubwa ya joto hilo inaishia kwenye breki zilizoundwa kwa kilo 350. Breki zikipata moto kupita kiasi hazishiki, na mbele ya dereva wa Every hakuna boneti ndefu ya kupokea kishindo.

Hukumu yangu: auze Subaru, anunue Every, akague breki kabla ya kulipa, apakie kilo 350 na ashuke kwa gia ndogo. Magunia yakizidi, aende safari mbili. Mafuta ya safari ya pili ni bei rahisi.