Nguzo ya uzio huanza kuinama siku inapokatwa

Uzio wa wavu ukianza kulala, lawama ya kwanza huenda kwa upepo, ya pili kwa ng'ombe wa jirani, na ya tatu kwa vyuma vyembamba vinavyouzwa siku hizi. Shimo halitajwi, kwa kuwa limefukiwa na hakuna anayeliona. Nimefukua nguzo za kutosha kuamini kwamba kesi nyingi hukutwa humo humo: chuma bado kizima, saruji ipo, tena nyingi, ila ilimwagwa mahali isipoweza kushika kitu.

Chukua nguzo moja ya kiwanja cha kichanga kaskazini ya Dar es Salaam, njia ya Bagamoyo. Ilikuwa chuma cha engo cha inchi moja na nusu, kimesimama mita 1.8 juu ya ardhi, kimebeba wavu na nyuzi mbili za seng'enge. Ilikuwa imelalia bara. Upande wa bahari, pale kitakoni, palikuwa na ufa wa kuingiza vidole vinne. Tulipochimba pembeni tukakuta sahani ya zege: upana sentimita 45, unene sentimita 20. Chini yake ulikuwa mchanga mlegevu uliorudishwa shimoni bila kushindiliwa. Mkia wa chuma uliishia ndani ya lile zege, haukushuka zaidi hata kidogo.

Piga hesabu ya ujazo wake. Zege hilo ni lita 32 hivi. Shimo la upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 90 lingejaa kwa lita 28. Mwenye kiwanja alilipia saruji nyingi kuliko iliyohitajika, na bado nguzo yake ikalala. Hakuibiwa. Fundi alijaza shimo alilochimba, na shimo alilolichimba lilikuwa limeshaamuliwa kabla hajafika kiwanjani.

Liliamuliwa dukani. Chuma cha engo huuzwa kwa urefu wa mita 6 hivi. Ukikikata vipande vitatu unapata nguzo za mita 2, na mnunuzi anafurahi kwa kuwa chuma kimoja kimempa nguzo tatu. Lakini akitaka uzio wa mita 1.8, kinachobaki cha kuingia ardhini ni sentimita 20. Hapo fundi hana la kufanya ila kupanua shimo na kumwaga zege jingi, akitumaini uzito utafanya kazi ambayo urefu umeshindwa kuifanya. Nguzo ile ya njia ya Bagamoyo ilianza kuinama siku msumeno ulipopita kwenye chuma.

Kwa nini uzito hausaidii? Nguzo ya uzio ni wenzo. Upepo ukisukuma juu, nguzo haiteremki wala haitelezi, inazunguka. Mahali inapozungukia pako chini ya ardhi, kwa kawaida kwenye theluthi ya mwisho ya kina chake. Juu ya hapo nguzo inausukuma udongo wa mbele, chini ya hapo mkia wake unausukuma udongo wa nyuma. Kinachoizuia isilale ni udongo wa pande hizo mbili kukataa kusogea. Zege lenyewe ni kishikizo tu, kazi yake ni kuufikishia udongo msukumo huo. Sahani ya sentimita 20 haina mkia wa kusukuma udongo wa nyuma. Inabinuka tu, na ndiyo maana ufa ulifunguka upande wa bahari, unakotoka upepo.

Hesabu yake inajulikana. Mwaka 1964 mhandisi wa Sweden, Bengt Broms, alichapisha njia ya kukadiria uwezo wa nguzo fupi kuhimili msukumo wa ubavuni, na wahandisi wanaitumia mpaka leo. Kwenye mchanga, upana wa nguzo huingia katika hesabu mara moja tu. Kina huzidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu, kisha hugawanywa kwa urefu wa wenzo wote. Tuiweke kwenye shimo letu. Una shimo la upana wa sentimita 20 na kina cha 60, nawe unataka kuliongezea nguvu. Ukilipanua hadi sentimita 30 bila kuongeza kina, nguvu inapanda mara moja na nusu, na zege linatoka lita 19 hadi 42. Ukiliacha na upana wake na kulishusha hadi sentimita 90, nguvu inakaribia mara tatu, na zege ni zile lita 28. Sentimita 30 za kuchimba kwenda chini zimeishinda saruji yote ya kupanua, tena kwa mbali.

Wamarekani wameligeuza jambo hili kuwa kanuni rahisi kushikika. Kiwango chao cha kusimika uzio wa wavu, ASTM F567, kinataka shimo la inchi 24 kwa uzio wa futi 4, kisha inchi 3 zaidi kwa kila futi inayoongezeka. Uzio wa futi 6, ambao ndio huo wa mita 1.8, unadai inchi 30, yaani sentimita 76. Kwenye kichanga cha pwani ningeongeza hadi 85 au 90. Na kama badala ya wavu mwenye kiwanja anataka mabati, basi mambo hubadilika kabisa, maana wavu unapitisha upepo na bati haliupitishi. Upepo wa kilometa 72 kwa saa ukipiga bati la mita 1.8 kwa mita 2.5, kila nguzo inasukumwa kwa nguvu ya kilo 130 hivi. Anayefunga mabati kwenye nguzo zilizosimikwa kwa ajili ya wavu anajenga tanga.

Lipo tatizo la pili, nalo ni la jembe. Huwezi kuchimba shimo la upana wa sentimita 20 na kina cha 85 kwa jembe na sepeto. Mpini hauna pa kuzungukia. Jembe huzaa shimo pana na fupi, hata fundi akiwa na nia njema. Shimo jembamba linahitaji mtaimbo wa kuvunja udongo na kopo la kuutolea, au keekee ya udongo ya kuzungusha kwa mikono. Kwenye kichanga, kuta hubomoka kabla hujafika nusu. Dawa yake ni kuumwagia mchanga maji kwanza ushikamane, au kutumbukiza kipande cha bomba la plastiki la inchi 8, kuchimbia ndani yake huku likishuka, kisha kulivuta juu taratibu wakati zege linamwagwa. Faida ya shimo jembamba haiishii kwenye saruji. Udongo wa pembeni unabaki vilevile ulivyojishindilia kwa miaka, na huo ni mgumu kuliko udongo wowote utakaoushindilia wewe. Kwenye ardhi ya moramu nguzo za kati zinaweza hata kusimama bila zege, mradi udongo urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15 na kila tabaka lipigwe kwa mtaimbo mpaka lilie kwa sauti kavu.

Nguzo za kati, hata hivyo, zina kazi nyepesi. Zinabeba upepo na uzito wa wavu. Nguzo ya kona ndiyo inayovutwa mchana na usiku na waya uliokazwa, na ikilegea kona moja, uzio wote wa upande huo unashuka tumbo. Hapa mafundi wengi wanajua kwamba kona inadai stei, kile chuma cha mshazari kinachoiegemeza kutoka ndani ya mstari wa uzio. Wasichokitazama ni kwamba stei, pamoja na kuizuia kona isiinamie ndani, inaisukuma kwenda juu. Stei ikisimama kwa nyuzi 45, msukumo wa kwenda juu unalingana na mvuto wa waya wenyewe. Ndiyo sababu utaona kona iliyonyooka wima kabisa lakini imepanda, zege lake limechungulia nje ya ardhi na waya wa chini umeinuka hata kuku anapita.

Tiba yake iko sehemu mbili. Kwanza, stei ifungwe kwenye theluthi mbili za urefu wa nguzo, si kileleni, na mguu wake upelekwe mbali ili ilale zaidi. Jinsi inavyolala ndivyo inavyopunguza kuinua. Mguu huo nao uwe na zege lake, maana stei iliyokanyaga udongo mtupu huzama. Pili, nguzo ya kona inyimwe njia ya kutoka: shimo lipanuliwe kidogo chini kuliko juu, na mkia wa chuma uchomelewe vipande viwili vya nondo vya kukingamana kabla haujazamishwa. Wengine huupasua mkia wa engo na kuukunja pande mbili. Njia zote mbili zinafaa. Chuma laini kilichonyooka, hasa bomba, kinaweza kuchomoka au kuzunguka ndani ya zege lake kama hakina kitu cha kukishika.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga hali ni tofauti, na ushauri wa kichanga hautoshi. Udongo huu hunywa maji ukavimba, kiangazi ukasinyaa na kupasuka nyufa za kupitisha mkono. Unapovimba hushika kitu chochote chenye kingo na kukipandisha. Zege lililofurika mdomoni mwa shimo na kutandaa pembeni linaupa udongo mahali pa kushikia, na kila masika nguzo hupanda kidogo isirudi. Kwa hiyo kuta za shimo ziwe laini na zilizonyooka, mdomo usiwe mpana kuliko kitako, na zege lisitandazwe juu. Kina ni kile kile cha sentimita 90 au zaidi, kutafuta udongo usiobadilika sana na misimu. Na mwenye uzio akubali kwamba baada ya mvua za kwanza atakuwa na kazi ya kukaza waya upya. Aiweke kwenye bajeti.

Kutu ni habari fupi lakini isiyosamehe. Chuma hakianzi kuoza kileleni wala chini kabisa. Huoza usawa wa ardhi, kwenye mstari ambapo maji, hewa na udongo vinakutana. Zege likiishia chini ya usawa huo, maji hutuama kuizunguka nguzo. Limalizwe sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi, lisawazishwe kwa mwiko literemke pande zote, bila kuzidi upana wa shimo. Bomba lizibwe kileleni, la sivyo mvua huingia ndani na kulila kutoka tumboni. Palipochomelewa madini ya zinki yameungua, hivyo papakwe rangi ya zinki, si ya mapambo. Na mchanga wa ufukweni usiguse zege la nguzo: chumvi yake inaua ulinzi ambao saruji hukipa chuma.

Zege lenyewe nalo lina haki zake. Lichanganywe nje ya shimo, lisimwagwe kavu na kumwagiwa maji juu, na lishindiliwe kwa nondo ili lisiache mapango. Baada ya siku 7 linakuwa na kama theluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28. Kukaza wavu siku ile ile ya kusimika, kwa kuwa fundi analipwa kwa kazi na anataka kuondoka, ni kuivunja kazi kabla haijakauka.

Tuweke bei mezani, maana hapo ndipo uamuzi hufanyika. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254. Nguzo zikipishana mita 3, zinahitajika 85, ukiacha kona za ziada na geti. Kwa mashimo membamba ya sentimita 90 na mchanganyiko wa 1:2:4, saruji ni mifuko 15 hivi. Kwa sahani pana za sentimita 20 ni mifuko 17. Chuma ndicho kinachoongezeka. Ukikata nguzo za mita 2 unanunua vyuma 29, ukikata za mita 3 unanunua 43. Kati ya hizo mita 3, mita 1.8 zinabeba wavu, sentimita 85 zinaingia ardhini, na 35 zinakunjwa juu kubeba seng'enge. Vyuma 14 vya ziada ni fedha ya kweli na sitajifanya ni ndogo. Asiye nayo ni afadhali ashushe uzio uwe wa mita 1.5 kuliko kupunguza sehemu inayoingia ardhini.

Basi unapokubaliana na fundi, usiulize mifuko mingapi ya saruji. Mwambie urefu wa chuma na kina cha shimo, uandike vyote kwenye makubaliano, umlipe ziada kwa kuchimba kwenda chini, na kabla zege halijamwagwa pita na kipimo, shimo moja baada ya jingine.