Pindo la Herufi

Kanga isiyo na pindo ni kitambaa tu. Mji wa katikati una maua yake na jina lina maneno yake, lakini pindo ndilo linalovishika vyote viwili visitawanyike. Nimeanza na kanga kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu, ya kuvalisha rangi na ukingo maandishi ya video, sijaiona nduguye wa karibu kuliko huyo.

Lisekese, pale Masasi, kazi hii ina msimu kama korosho. Shule zikifungwa, watoto huchezwa unyago na jando. Fedha za korosho zikiingia mwishoni mwa mwaka, harusi nazo hufuatana. Sherehe inataka mpiga video, na video inataka jina mwanzoni. Wazazi huingoja dakika ile ya kwanza kuliko saa mbili zinazofuata: jina la mtoto wao, kubwa, kwenye runinga, mbele ya majirani.

Nilipokuwa najifunza kuediti, niliandika jina la mwali kwa herufi nyekundu juu ya picha ya msafara wake. Nikiwa nimeinamia kompyuta, zilinipendeza kweli. Siku ya kuonyesha, mama mtu aliketi mkekani, mwisho wa ua, nyuma ya wageni wake.

“Mwanangu, jina la mtoto mbona silioni?”

“Lipo hapo, mama, juu ya barabara.”

Akakaza macho, kisha akanyamaza. Barabara ya udongo mwekundu ilikuwa imelimeza jina lote.

Siku ile sikuijua sababu, niliijua baadaye. Video nyingi tunazohifadhi hutunza mwanga wa kila pikseli, lakini kwa rangi hutunza kipimo kimoja kwa kila pikseli nne. Jicho la binadamu ni kali kwa mwanga na giza kuliko kwa rangi, ndiyo maana wahandisi wakabania upande wa rangi ili faili liwe jepesi. Kwa hiyo hata herufi nyekundu juu ya majani ya mkorosho, ikiwa mwangaza wake unalingana na wa majani, hulegea pembeni kama wino kwenye karatasi yenye unyevu. Izungushie herufi ya njano ukingo mweusi, au ya bluu iliyokoza ukingo mweupe, na mpaka wake unabebwa na mwanga badala ya rangi. Hapo haijali imepita juu ya udongo, majani au shela la bibi harusi.

Ufundi wenyewe uko kwenye unene. Programu kama Adobe Premiere hukuuliza ukingo ukae wapi: ndani, katikati au nje. Ukikaa katikati, nusu yake huula mwili wa herufi, nayo hukonda. Ukikaa nje, mwili unabaki mzima, lakini ukizidisha unene tumbo la “a” linajaa na jicho la “e” linaziba, na jina la mtu linageuka safu ya madoa. Fundi mzuri huongeza kidogo, akatazama, akapunguza. Nimemwona kijana mmoja akisogeza kitelezi cha unene kwenye simu yake, kidole kikitua na kuinuka, kama mchonga mpingo anayeondoa unyuzi mmoja kwa patasi akijua akiuondoa mwingine pua ya kinyago imekwenda.

Ukanda wetu si mgeni wa mambo haya ya rangi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, magharibi ya Masasi kwa barabara iendayo Songea. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya ubao mwembamba, na wanyama wake mara nyingi walisimama peke yao mbele ya usuli mtupu. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini picha zake zinatambulika hadi leo kutoka ng'ambo ya barabara. Mnyama wake hakuomba msaada wa mapambo. Alipewa rangi yake na nafasi yake.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Programu imejaa vitu vya bure: kivuli, mng'ao, dhahabu inayometameta, rangi tatu ndani ya herufi moja. Mwanafunzi huvitumia vyote, kama mtu aliyeazimwa nguo za harusi akazivaa zote kwa pamoja. Ukingo ndio mnyenyekevu kati yao. Ukifanya kazi yake vizuri hakuna anayeusifu; watu husema tu jina limeandikwa vizuri. Naona hiyo ni heshima kubwa, maana umefanya kazi kwa ajili ya aliyekaa mbali: bibi mwenye mtoto wa jicho, na jirani anayechungulia dirishani.

Kwa hiyo, kijana unayeediti, kabla hujahifadhi kazi yako, inuka kitini. Iache simu au kompyuta mezani, rudi nyuma mpaka mlangoni, kisha ulisome jina la mtoto wa watu. Likikushinda wewe uliyeliandika, mama yake aliyeko mkekani hataliona.